Sangari Katika Ngano ya Linah

Kila asubuhi Linah alikamua ng'ombe, akapeleka maziwa kwenye barabara ya Kachibora, kisha akarudi kwa njia ya mbali. Hakutaka kuona shamba la ngano. Tangu afe mumewe, Kipkosgei, shamba nalo lilikuwa kama limeamua kumfuata. Ngano ilikuwa fupi na ya manjano. Sangari, nyasi ya mizizi mirefu, ilikuwa imeikaba.

Shemeji yake Kemboi, ndugu wa Kipkosgei, alimkuta uani.

"Shemeji, misimu miwili sasa unavuna nyasi. Wa tatu ukiwa hivi, tutalikodisha shamba kwa watu wengine. Si ubaya."

Shamba hilo Kipkosgei alilifyeka kwa mikono yake. Linah hakubakiwa na kitu kingine chake.

Jirani yake Rispah, mzaliwa wa Bungoma aliyesomea kilimo katika chuo cha Mabanga, alikuja kumpa pole kwa ngano hiyo. Wakaenda shambani, Rispah akang'oa mzizi mmoja wa sangari.

"Mama Chepkemoi," alimwita kwa jina la bintiye, "ulilima lini?"

"Mvua ilipoanza. Nikapitisha haro ya kuvunja mabonge tena na tena, mpaka udongo ukawa kama unga. Si unajua watu wa hapa? Ukiacha mabonge, ati wewe mvivu."

"Basi sangari umeipanda wewe mwenyewe, bana." Rispah aliukata mzizi vipande. "Ona haya mafundo. Kila kipande chenye fundo ni mche. Haro inakatakata, udongo wenye maji unaotesha."

Linah aliketi chini. "Kumbe nilikuwa najichosha kujimaliza."

"Mwakani lima Januari, wakati wa jua kali. Tafuta plau ya meno. Hiyo huvuta mizizi juu bila kuikatakata. Mabonge yaache yakauke, mizizi ikusanye, uchome. Mvua ikinyesha, subiri sangari iliyobaki ichipue. Ipige dawa ya magugu inayofaa, kwa kipimo cha kwenye chupa, ukiwa umevaa glavu. Sangari ikishakauka ndipo upande, bila kuvuruga udongo sana."

"Na watu wakinicheka?"

"Watacheka. Wewe kausha mizizi."

Januari Linah alilima kwa plau ya meno, akaacha mabonge juani. Wanawake waliotoka kanisani walisimama kando ya ua wa shamba.

"Mama Chepkemoi, unapanda ngano ama unachimba mawe?"

Aliinama, akaendelea kukusanya mizizi. Siku nyingine alilala bila kula, akiamini amekosea tena.

Lakini mvua iliponyesha alipiga dawa, akapanda, na ngano ilitoka kwa mistari, ikasimama, ikajaza masuke. Sangari ilibaki hapa na pale tu. Siku ya kuvuna, Kemboi alitafuna punje chache, akatazama magunia.

"Shamba ni lako, shemeji. Hatukodishi."

Linah alimshukuru. Watu walipoondoka, alikwenda peke yake kwenye kaburi la Kipkosgei. Sangari ilikuwa imelifunika. Pale plau haifiki. Alipiga magoti, akaanza kuing'oa kwa vidole, polepole, mzizi mzima mzima, asiache hata fundo moja.