Vyuma vya Heikichi

Kabati la Shizuyo lilikuwa tayari linashuka kwa winchi, kutoka baraza ya ghorofa ya tano mpaka kwenye lori. Mwenyewe alishuka ngazi kwa makalio, magoti yamevimba. Majumba yale ya Osaka yalijengwa bila lifti, enzi wapangaji wote walipokuwa vijana.

"Mama, treni ya Sapporo itatuacha," bintiye Sanae, aliyekuja kumhamishia kwake, akalalama.

"Haiendi popote. Nikamrudishie yule mzee bakuli lake."

Yule mzee ni Heikichi, mgane wa jengo la pili, nyumba ya chini. Walikutana sokoni, kwenye foleni ya katlesi, Shizuyo kajifunga skafu ya zambarau.

"Umependeza, bibi. Harusini?"

"Kwenye katlesi. Na rudi nyuma, foleni inaanzia kule!"

Tangu hapo simu hazikuisha, hadi siku Heikichi alipomkaribisha kwake. Shizuyo akaona vishikio vya chuma chooni, bafuni, hata pale mlangoni pa kuvulia viatu. Alikuwa amemuuguza marehemu mumewe miaka na miaka, hakutaka kuuguza tena.

"Unatafuta mke au nesi?" akauliza, akaenda zake. Heikichi, kwa kiburi chake, hakupiga simu tena.

Sasa Shizuyo alikuwa akivua viatu mlangoni pale pale, bakuli mkononi, goti likamlegea. Mkono ukadaka chuma. Kilikaa sawasawa na kiganja chake. Akamtazama Heikichi, mrefu kama mlingoti.

"Wewe hiki hukifikii mpaka uiname."

"Sikujiwekea mimi."

"Mbona hukusema, mpumbavu wewe?"

"Ningesemaje? Mpenzi wangu, naona umezeeka?"

Shizuyo akacheka mpaka akalia. Kisha akapaza sauti nje: "Sanae! Waambie kabati lije huku!"

Ndoa hawakuiandikisha, watoto wa pande zote waliogopa habari za urithi, na za nani azikwe kaburi la ukoo upi. Waliishi pamoja majira mawili ya baridi, kisha Heikichi akafa kwa nimonia. Jina la Shizuyo halikuwamo kwenye mkataba wa nyumba, akaambiwa ahame. Nyumba ya kupanga hurudishwa kama ilivyokuwa, kwa hiyo mtoto wa marehemu akaleta fundi, vyuma vikang'olewa, matundu yakazibwa. Siku hizi anakaa humo kijana mmoja na paka wake. Shizuyo yuko Sapporo. Alianguka bafuni kwa bintiye, hainuki kitandani. Sanae ameacha kazi, anamuuguza.