Miti Aliyoachiwa Josepha

Treni ya Kigoma ilipofunga breki stesheni ya Tabora, wachuuzi waliivamia kama kawaida yao, na Josepha akasukumwa hadi kifuani mwa mwanamume mrefu mwenye kaptula ya kaki na kofia ya ukindu. Kibuyu cha asali kilimponyoka. Mwanamume akakidaka.

"Pole, dada. Asali ya wapi hii?"

"Ya Goweko. Baba yangu, Kasimiri, ndiye mrinaji."

"Goweko! Mimi ni Lukumani, mnyapara wa wakata kuni za treni hukohuko."

Josepha alifunga upya kanga yake, akamtazama kwa jicho la pembeni. Ulikuwa mwaka wa arobaini na tisa, mvua imeadimika na mtama umekaukia shambani. "Kumbe ndiye wewe unayetufukuzia mvua!"

"Shoka langu halifiki mawinguni, mrembo. Babu yangu aliona ukame enzi za kubeba pembe za ndovu kwa miguu kwenda pwani. Wakati huo kuni za treni alikata nani?"

"Ukame ule ulipita. Huu umehamia kabisa."

Lukumani alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Josepha. Wakawa wanaonana kila Jumapili baada ya misa, wakibishana njia nzima: Josepha akisema shoka, Lukumani akisema Mungu, na mikono yao imeshikana.

Mzee Kasimiri aliposikia, alitoa neno moja tu: mti wa mzinga wake ukiguswa, habari za posa asiletewe.

"Hautaguswa hata mmoja, mpenzi. Naapa," alisema Lukumani.

Josepha akaenda Tabora kumuuguza shangazi yake, moyo mweupe. Aliporudi, alisimama kando ya reli akashika kichwa. Kila mti wenye mzinga ulikuwapo, umesimama peke yake kwenye uwanda wa visiki. Mizinga yote mitupu. Lukumani alimjia mbio, anatabasamu.

"Umeona? Nimekuachia yote!"

"Nyuki wanakula mizinga, Lukumani? Walikula maua ya hiyo miyombo uliyoipakia kwenye mabehewa!"

"Wamehamishwa na ukame. Kosa la mbingu unanibandika mimi?"

"Lote ni la mbingu? Lako halimo hata kidogo?"

Lukumani aligeuka kuangalia visiki. Josepha aliondoka, akalia njia nzima, kwa sababu alimpenda mtu yule na hakujua angempenda vipi mbele ya baba yake.

Haikupita wiki, Lukumani akatokea uani jioni, shati jeupe limepigwa pasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Kasimiri hakumpa kigoda.

"Nimeacha kazi. Mnyapara mwingine ameshafika, kuni zinakatwa vilevile. Sikuja kujisifu."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kubeba mizinga. Ng'ambo ya kilima kuna miyombo ambayo reli haijaifikia. Nitapandisha mizinga mwenyewe, uniambie mti gani."

Josepha alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Kwa hiyo umekubali mvua imefukuzwa na shoka?"

"Sijakubali. Ukame wa enzi za babu yangu sikuuleta mimi. Lakini kivuli kilichoondoka ni mkono wangu, na hawa nyuki pia. Kwenye mvua sijui fungu langu ni kubwa kiasi gani. Nikingoja nilijue lote ndipo niache, hapatabaki mti."

Mzee Kasimiri akamsukumia kigoda kwa mguu. "Keti. Mizinga ni mizito, na mshenga hatumwi na mtu aliyesimama."

Josepha alijikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Alimsogelea Lukumani, akamnong'oneza: "Nitakuoa nikiwa bado nakubishia, unajua?"

"Wewe ndiye utakayeolewa, mpenzi."

"Hata hilo nalibishia."

"Na mvua isiponyesha?"

"Tutabishana nyumba moja," alisema Josepha, akaenda kumletea maji ya kunawa.