Mikoko Iliyofungwa Mara Mbili

Swabaha aliamka akiwa amechoka. Watu husema usingizi ni dawa, lakini usingizi wake ulikuwa mchache na kazi ilikuwa nyingi, basi dawa hiyo haikufua dafu. Jikoni, mama yake, Mwanabaraka, alikuwa ameshaketi mbele ya karai, akigeuza mahamri kwa mkono mmoja na kujikanda kiuno kwa mkono wa pili. Mahamri hayo ndiyo yaliyowalisha tangu baba yake Swabaha alipofariki. Wapagazi wa bandarini walipita mtaani kwao Kibokoni kuyanunua kabla jua halijachomoza.

“Mwanangu, hizi ndizo kuni za mwisho,” mama alisema bila kugeuka. “Leo twende Makupa.”

“Na skuli, mama?”

Mama aliendelea kugeuza mahamri. Alijua jibu, na halikuwa tamu.

“Mwalimu amesema nisipoonekana Jumatatu, nafasi yangu atapewa msichana mwingine,” Swabaha alisema. Aliipenda skuli kuliko sikukuu.

“Nimesikia. Lakini bila kuni hakuna mahamri, na bila mahamri hatuli. Haya, chukua kata yako ya kubebea mzigo.”

Vita vikuu vilikuwa vimekwisha mwaka uliopita, lakini mafuta ya taa bado yalikuwa adimu, na karibu mji mzima ulipika kwa kuni. Zamani, safari moja kwa wiki ilitosha. Sasa mikoko ya karibu ilikuwa imekwisha, na kila safari ilikula siku nzima. Walipita Mwembe Tayari jua likianza kuchoma, na walipofika Makupa Swabaha alitamani kuketi chini tu, asiinuke tena.

Pale Makupa palikuwa na hori, mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi, na mikoko iliota kando yake katika tope. Wanawake wa kuni waliongozwa na Bi Kanze, mama wa makamo mwenye maneno machache na panga kali. Maji yalikuwa yamekupwa. Bi Kanze aliwapeleka upande wa chini wa hori, si upande wa juu. Penye njia ya kuingilia upande wa juu palikuwa na kuti la mnazi lililofungwa kwenye shina.

“Kuti lile ni la nini, Bi Kanze?” Swabaha aliuliza.

“Nimelifunga mimi. Upande ule tumeufunga, hatukati mpaka miti ikue. Lakini ufunge na mdomo wako. Wakataji wa boriti wakijua kwamba kule kuna miti iliyoachwa, wataivamia yote.”

“Hasa mjomba wako,” mama aliongeza.

Mjomba Taib alikuwa kaka yake mama, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa wakataji wa boriti, zile nguzo za mikoko za kujengea nyumba. Tangu mikoko ianze kupungua, ndugu hao wawili hawakusemezana. Mama alisema wakataji wameimaliza. Mjomba alisema waliomaliza ni wanawake, maana wanakata fito, vijiti vyembamba ambavyo vingeachwa vingekuwa boriti. Hata hivyo damu ni nzito kuliko maji. Kila alipokwenda Makupa, mama alifunga mahamri manne katika kitambaa na kumpa Swabaha ampelekee. Yeye mwenyewe hakwenda.

Swabaha alimkuta mjomba wake kando ya hori amejinyoosha juu ya magogo, miguu imejaa tope mpaka magotini. Mwenzake, Ogutu, mtu wa bara aliyekuja Mombasa kutafuta kazi wakati wa vita, alikuwa akinoa shoka taratibu, kama mtu anayesinzia.

“Sabalkheri, mjomba. Sabalkheri, Bwana Ogutu.”

“Sabalkheri, mwanangu. Mama yako bado amenuna?”

“Anasema mgongo unamuuma.”

“Na mimi pia. Tuna mgongo mmoja, sisi.” Mjomba alipokea mahamri, akatafuna kidogo, kisha akamwonyesha mti uliokuwa mbele yao. Ulikuwa na mikato miwili ya shoka, mmoja juu ya mwingine. “Waiona chapa hii? Maana yake hapa hatukati. Kutoka hapa mpaka kule chini tumepaacha tangu mwaka jana pakue. Usimwambie mama yako. Wanawake wakisikia, watakuja na mapanga yao wamalize miti yote.”

Swabaha aligeuka kutazama alikotoka. Upande wa chini! Alikuwa ametoka huko sasa hivi. Chapa kama hizo alikuwa ameziona nyingi, na Bi Kanze alikuwa akizitemea mate, akisema wakataji wanaharibu miti kwa mchezo.

“Nanyi mwakata wapi, mjomba?” aliuliza polepole.

“Upande wa juu. Kule hakuna mwenyewe. Kuna kuti tu limeletwa na maji likanasa mtini.”

Swabaha alirudi kwa mama yake. Bi Kanze na mama walimkataza kusema, na mjomba alimkataza kusema, na yeye alilelewa kuwatii wakubwa. Alifunga mdomo siku ile, akabeba mzigo wake mpaka nyumbani. Kuni hazikumchosha kama ile siri.

Kuni zile hazikufika mbali. Jumamosi walirudi tena Makupa, na safari hii mambo yaliharibika. Bi Kanze alikwenda kutazama upande wa juu, akakuta mikoko mikubwa imeangushwa, visiki bado vibichi. Kuti lake lilikuwa limekanyagwa katika tope. Aliliokota, akaenda nalo moja kwa moja mpaka kwa wakataji, wanawake wote wakimfuata.

“Wezi wakubwa nyinyi!” alifoka. “Tumepafunga mahali tukavumilia, nanyi mmepafyeka!”

“Wezi ni nyinyi!” Mjomba Taib alijibu, akisimama kwa shida. “Nani amekata fito zangu kule chini? Nimeviona visiki, vimekatwa kwa panga!”

“Kaka, huna haya!” mama alisema, na machozi yalimlengalenga. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa ndugu yake baada ya miezi mingi.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Siku ile wazee walikuwepo, na neno likaharibika vilevile. Swabaha aliwatazama: miguu yao yote ilikuwa na tope moja, na macho yao yote yalikuwa mekundu kwa uchovu. Aliogopa, lakini hakuweza kuvumilia tena.

“Mama, nisamehe. Mjomba, nisamehe. Nyote mmefunga!” alilia. “Bi Kanze alifunga juu kwa kuti. Mjomba alifunga chini kwa chapa ya shoka. Kisha kila mmoja akaenda kukata kwa mwenzake!”

Bi Kanze alilitazama kuti mkononi mwake, kisha akautazama mti wenye mikato miwili. Mjomba Taib aliketi juu ya magogo yake, akashika kichwa.

“Nilidhani ni takataka,” alisema.

“Nami nilidhani ni uharibifu,” alisema Bi Kanze.

Ogutu aliweka shoka chini. “Kule juu tumechukua mashina tu. Matawi tumeyaacha, yanaoza kwenye tope. Nyinyi mnatafuta kuni, sisi tunatupa kuni.”

Hakuna aliyecheka, ingawa kilikuwa kichekesho. Walikuwa wamechoka mno. Waliketi palepale, wakakubaliana: upande wa juu ufungwe kwa kuti na chapa pamoja, upande wa chini nao vivyo hivyo. Boriti zikatwe sehemu moja tu, ng’ambo ya hori, na matawi yote yawe ya wanawake. Wakataji watayaleta kwa mashua yao. Wanawake nao hawatagusa fito tena, na watapanda mbegu za mikoko penye visiki.

Jioni mjomba Taib alibeba mzigo wa matawi mpaka Kibokoni, akautua mlangoni mwa dada yake. Mama alimpa maji, wakaketi barazani wote watatu.

“Miti itarudi lini?” Swabaha aliuliza.

“Si karibuni,” mama alijibu. “Tumeiharibu, mwanangu, na hakuna kati yetu aliyekuwa mbaya. Kila kundi lilifanya wema, likauficha, na wema uliofichwa ukawa hasara. Msitu wa watu wengi haulindwi kwa siri. Mtu akitaka kulinda kitu, kwanza aseme na jirani yake.” Alimgeukia Swabaha. “Nawe siku ile ulipojua, ungeniambia. Adabu ni kutii, lakini si kunyamaza ukiona wakubwa wanapotea.”

“Nimekosa, mama.”

“Tumekosa sote. Na kazi bado ipo, kaka, na tutachoka.”

“Tutachoka,” alisema mjomba. “Lakini angalau tutachoka pamoja.”

Mama alimtazama binti yake, aliyekuwa akisinzia ameegemea ukuta. “Wewe humo katika kuchoka huko,” alimwambia. “Kuni zitaletwa na mjomba wako. Jumatatu wewe ni wa skuli.”