Uwimana Wawili

Uwimana alikata roho Jumanne, saa tano asubuhi, katika wodi ya wanawake. Damu ya kundi A ilikuwa bado inaning'inia juu ya kitanda chake. Yeye alikuwa kundi O.

Kufika saa sita Inspekta Octavian alishapata mtuhumiwa: Nesi Rustika, aliyeitundika. Ndani ya faili kulikuwa na cheti cha maabara: kundi O, muda 3:40. Chati ya wodi ilisema damu imewekwa 09:25.

"Cheti kilikuwepo tangu usiku. Ulikipuuza."

"Nilichosoma mimi kiliandikwa A, afande. Haki ya Mungu."

"Kiko wapi?"

Rustika hakuwa nacho. Pingu zilikuwa mezani.

Mwanne, mkuu wa masijala, alikuwa ameleta daftari la mapokezi. Miezi minane alizibembeleza idara zote zitumie namba moja ya mgonjwa na saa za aina moja. Maabara peke yake iligoma. Alikisoma cheti mara mbili, akaomba Mzee Sabiri wa maabara aitwe.

"Shikamoo, mzee. Uwimana ameshuka basi la Ulyankulu, ameandikishwa 07:50. Ulimpimaje saa tisa na dakika arobaini usiku?"

"Marahaba. Usiku gani, mwanangu? Hiyo ni saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Sisi tunaandika saa za Kiswahili. Hizo za kizungu chezeeni huko masijala."

"Basi ni 09:40. Damu ilishakuwa mwilini dakika kumi na tano."

Mwanne alimsogezea Sabiri cheti.

"Nesi aliiweka kwa cheti kipi, mzee? Leo wamekuja Uwimana wawili. Namba niliwapa. Kwenye chupa zao za vipimo uliandika nini?"

"Jina."

"Jina tu?"

"Nilipogundua nimezibadilisha, niliizuia damu ya yule mwingine, nikakimbia huku na cheti sahihi. Nikamkuta huyu imeshamwingia, anatetemeka. Nikaweka hiki kwenye faili, nikachomoa kile cha A."

"Na afande alipokisoma vibaya?"

"Nikanyamaza. Miaka ishirini na sita, Mwanne! Barua zako zote nilizijibu kwamba maabara haichanganyi watu. Ningesemaje?"

"Ungesema hivyo hivyo. Huyu angelala rumande kwa ajili yako."

Sabiri alitoa cheti cha kwanza mfukoni mwa koti lake jeupe. Octavian akachukua pingu, akamfunga mzee, akamwambia Rustika aende nyumbani akapumzike.

Rustika hakwenda. Mume wa Uwimana alikuwa ndiyo kwanza amefika, ameketi benchi la nje na chupa ya uji, hajaambiwa kitu.

"Mimi ndiye niliyeitundika," alimwambia afande, akafungua mlango amwendee.