Kilomita Kumi na Mbili Toka Darajani

Siku kumi kabla. Saa tisa alasiri.

Chumba cha nyuma ya gereji kilikuwa na meza moja, viti viwili na ndoo iliyopinduliwa. Ndoo aliikalia Fundi, ingawa gereji ilikuwa yake.

Kipara alichora mstari mrefu juu ya meza kwa chaki.

"Hapa ni daraja. Gari la mgodi linapita kila Alhamisi saa nne asubuhi. Ndani masanduku mawili ya dhahabu, dereva na walinzi wawili. Tunalizuia, tunang'oa mlango wa nyuma, tunaondoka. Dakika nne."

"Na polisi?" Fundi aliuliza.

"Watakuja, ila magari yao ni ya lami. Sisi tunashika barabara ya vumbi kilomita kumi na mbili, tunakata kushoto, tunateremka korongoni. Kule chini mawe yamelala kama ng'ombe. Gari la kawaida halipiti. Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Hiyo njia ya kushoto ina alama gani?"

"Haina. Ni uwanda mtupu, alama za matairi kila upande. Nimepima mwenyewe kwa pikapu hiihii niliyokuletea. Mita ya gari ikisoma kumi na mbili, kata. Ukipitiliza kidogo tu, unakutana na kizuizi cha askari."

Bubu alicheka. Walimwita Bubu mtu ambaye hata usingizini haachi kusema. "Fundi, iwekee na godoro basi. Mgongo wangu si wa chuma."

Mlangoni alisimama Upepo, mdogo wake Fundi, akialisha vidole. Fundi hakumtazama.

"Nitaitengeneza," alisema. "Sharti moja. Mdogo wangu haendi."

"Kaka, mimi nina ndevu."

"Na wembe wa kwanza nilikushikia mimi. Nyamaza."

Madereva wawili walikuwa wamemwendeshea Kipara. Mmoja yuko kaburini, mwingine yuko gerezani. Fundi alijua wa tatu anayetafutwa ni nani. Mama yao alipofariki, Upepo alikuwa hajajua kufunga kamba za viatu, na Fundi ndiye aliyemfungia.

Kipara akanyoosha mkono. "Ataendesha Bubu. Neno langu."

Wakashikana.

Siku mbili kabla. Jumanne.

Pikapu ilikuwa ya milango minne, kuukuu, rangi ya majivu. Fundi aliivua kama mtu anavyomvua mgonjwa nguo, polepole. Akatoa springi za zamani, akafunga ndefu na shokapu nene, gari likainuka shibri nzima. Mbele akachomelea ngao ya chuma, juu ya ngao akafunga winchi ya kuvutia, yenye kebo nene kama kidole. Bomba la hewa akalipandisha ubavuni hadi usawa wa paa, lisinywe maji. Nyuma ya viti, bamba la chuma. Mwisho akafunga matairi makubwa yenye meno, yakafika kiunoni mwake.

Upepo alimsaidia siku zote hizo. Siku hiyo Bubu naye alikuja, akala nao mchana, akaramba na sufuria, akasema kama angejua gereji wanapika hivi angeacha wizi kitambo.

"Utaacha kula kwanza," Upepo alimwambia, wakacheka wote watatu.

Jioni Fundi alilijaribu gari peke yake kwenye barabara kuu. Kando ya barabara kuna mawe ya kilomita. Alipolipita jiwe la nane tangu aisukume mita hadi sufuri, aliitazama. Inasoma saba.

Akasimama. Akacheka kwa kujionea haya. Jambo la mwanagenzi! Tairi likiwa kubwa, mzunguko wake mmoja unakula njia ndefu zaidi, na mita haijui. Inahesabu kama zamani. Kipara alipima kumi na mbili kwa matairi madogo. Sasa kumi na mbili ile itakuwa kumi na nusu. Wakiifuata mita, watapitiliza hadi mikononi mwa askari.

Alirudi mbio kumwambia. Kwenye uchochoro wa gereji akasikia sauti ya Kipara ndani.

"Kazi hii itakwenda bila wewe, sawa. Lakini zipo nyingine. Utakuwa dereva wangu mpaka mmoja wetu afe."

Kisha sauti ya Upepo: "Mimi niko tayari, bosi. Usimsikilize kaka. Kaka ni mwoga."

Fundi alisimama na funguo mkononi. Aliingia. Kipara akauliza, "Vipi gari?"

"Halina neno," Fundi alisema.

Alhamisi. Saa tatu na robo asubuhi.

Pikapu iko uani, injini inanguruma. Kipara mbele. Bubu nyuma, bunduki mapajani. Kwenye usukani, Upepo.

Fundi akaushika mlango wa dereva.

"Tulikubaliana nini?"

Kipara akafungua mikono. "Muulize mwenyewe."

"Nimeomba mimi," Upepo alisema. "Bubu anaendesha kama anachunga mbuzi."

"Kweli kabisa," Bubu akadakia, "na mbuzi wenyewe wananishinda."

"Shuka."

"Sishuki, kaka."

Kusema ukweli pale, mbele ya bastola ya Kipara, ni kusema: niliwatega. Kunyamaza ni kumpeleka mdogo wake kizuizini kwa mkono wake mwenyewe. Fundi akafungua mlango wa nyuma, akaingia.

"Wewe wapi?" Kipara aliuliza.

"Winchi ni mpya, kebo inajisokota. Mkiikosea itamkata mtu miguu. Nitaishika mwenyewe."

Kipara akapiga dashibodi kofi. "Haya. Familia nzima."

Saa nne na dakika sita.

Gari la mgodi lilitokea darajani. Upepo akaliziba njia. Bubu akapiga moja hewani, dereva na walinzi wakashuka, wakalala chini wenyewe. Upepo akaizungusha pikapu nyuma ya gari, Fundi akavuta kebo, akaingiza ndoana kwenye komeo, akabonyeza kitufe. Winchi ikalia. Mlango ukapinda, ukapasuka, ukaanguka.

Mlinzi mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akitetemeka kifudifudi. "Baba, nina wajukuu," alisema. Fundi ndiye aliyekuwa karibu. Akaikunja kebo.

Masanduku yakaingia. Upepo akasukuma kidude cha mita hadi sufuri, akakanyaga mafuta.

Saa nne na dakika kumi na tisa.

Vumbi. Nyuma yao ving'ora. Risasi moja ilivunja kioo cha nyuma, ikagota kwenye bamba. Mita inasoma tisa. Tisa na nusu. Uwanda pande zote, alama za matairi kama uzi uliovurugika.

Kumi.

Fundi aliinama mbele.

Kumi na robo.

"Upepo. Jiandae kukata."

"Bado karibu mbili," Kipara alisema.

"Hiyo mita inasoma kasoro. Matairi haya ni makubwa zaidi. Ni kumi na nusu. Kata, mdogo wangu! Kata sasa!"

Upepo alizungusha usukani. Pikapu ikaegemea upande, ikanyooka, na mbele yao ardhi ikafunguka: korongo. Wakateremka jiwe kwa jiwe, springi zikilia, na ving'ora vikabaki juu.

Ndani ya gari hakuna aliyeshangilia.

"Ulijua tangu lini?" Kipara aliuliza, bila kugeuka.

Fundi angeweza kusema amegundua sasa hivi. Lakini ametumia uongo wake wote.

"Jumanne."

"Simamisha."

Upepo akasimamisha. Kipara akageuka na bastola. Bubu, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakuwa na neno.

"Kaka," Upepo alisema. Macho yake kwenye kioo kidogo cha juu. "Ungetuacha twende vile?"

"Sikujua utakuwemo wewe."

"Ulijua Bubu atakuwemo. Jumanne hiyohiyo kala kwetu."

Kipara akavuta kifyatulio nusu.

"Usimpige, bosi," Upepo alisema. "Ukimpiga, siendeshi. Mshushe tu."

"Atatutaja."

"Mshushe."

Fundi akashuka. Akasimama karibu na mlango wa dereva, akashika ukingo wa dirisha kama alivyomshikia baiskeli zamani. Upepo akapandisha kioo mpaka Fundi akaondoa vidole. Pikapu aliyoiunda kwa siku nane ikapanda mawe bila shida, gurudumu moja moja, ikapotea kwenye kona.

Saa tano kasoro kumi.

Askari walifika kwa miguu, wakihema, viatu vimejaa kokoto. Walimkuta ameketi juu ya jiwe, mikono wazi magotini. Wakamlaza, wakamfunga pingu, wakamketisha tena. Mkubwa wao akachuchumaa mbele yake, kijitabu mkononi.

"Wenzako wamekuacha."

"Ndiyo."

"Basi usiwabebe. Taja majina."

"Mmoja anaitwa Kipara. Mwingine Bubu."

"Na mwingine?"

"Hakuna mwingine, afande."

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi," alisema Fundi.