Kitanda cha Stroberi

Mtaani wanamwita Mkasi. Ni fundi cherehani, na akishika kitambaa mkono wake hausiti. Mumewe ni fundi baiskeli, naye wanamwita Pancha. Wana binti mmoja asiyejua kunyamaza, na kibaraza cha nyuma ambacho mke na mume wote walikitaka.

Pancha alitaka kuweka meza yake ya kazi pale. Baiskeli alikuwa akizitengenezea sebuleni, na grisi ilishafika hadi kwenye mito ya makochi. Lakini Mkasi alikuwa amekijaza kibaraza ndoo kuukuu zenye stroberi. Alizipenda, na alimwahidi binti yake kwamba siku moja atazila mpaka aseme basi. Siku hiyo ilikuwa haijafika. Zikianza tu kuwa nyekundu, zinaota ukungu wa kijivu na kuoza. Chache zilizopona Mkasi alizichuma, akaziosha vizuri, akazirundika kwenye bakuli. Kesho yake bakuli linanuka.

Siku moja Pancha alilimwaga bakuli zima jalalani, akarudi amenuna.

"Mama watoto, nimevumilia vya kutosha," alisema. "Haya maua yaliyopo sasa, yazae tuone. Matunda yakioza tena, ndoo zinatoka na meza yangu inaingia."

Roho ilimuuma Mkasi, kwa sababu hakuona alipokosea.

Juma hilohilo jirani alikuja kupunguziwa gauni. Jirani huyu anafanya kazi kwenye kitalu cha miche, na watu humwita Mama Miche. Mkasi alimpima haraka haraka, kisha akampeleka kibarazani. Mama Miche aliinua jani moja, akachungulia chini, akaangua kicheko. Chini ya kila mmea kulikuwa na vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye kushona, laini, vya maua maua.

"Shoga, kumbe umezitandikia kitanda?"

Mkasi alijitetea. Hakutaka matunda yaguse udongo, ndiyo maana akayatandikia. Mama Miche alisema hapo alifikiri vizuri, kosa ni kitambaa.

"Hebu shika hapa," alisema. Jua lilikuwa kali, lakini kitambaa kilikuwa kimelowa chepechepe. "Unaona? Tunda linalala kwenye maji usiku na mchana. Ukungu utake nini tena? Toa vitambaa, weka nyasi kavu. Nyasi zinapitisha hewa, na maji yanashuka chini."

Akauliza Mkasi anamwagiliaje. Binti aliwahi kujibu kwamba mama huzipulizia maji kila jioni kwa chupa ya kupigia pasi. Mkasi alimkata jicho, lakini siri ilishatoka. Mama Miche akaeleza kwamba maji yamwagwe asubuhi, kwenye shina, majani yabaki makavu. Tunda lililooza litolewe mara moja, maana ukungu unahamia kwa tunda la jirani. Matunda yachumwe yakiwa makavu, pamoja na vikonyo vyake, yatandazwe kwenye sinia bila kupandana. Yaoshwe pale tu mtu anapotaka kula.

Kisha akashika shina jembamba lililotambaa nje ya ndoo. Alisema mashina hayo yanakula nguvu ya matunda, kwa hiyo wakati huu yakatwe yote. Mkasi alirudi nyuma na kuuliza kama mmea hautakufa.

"Wewe unakata suti ya bwana harusi hupepesi jicho, leo unaogopa kauzi haka?"

Wakacheka mpaka gauni likasahaulika. Mama Miche akaendelea. Msimu ukiisha, Mkasi achague mmea uliozaa vizuri kuliko yote, usio na ugonjwa. Shina lake linalotambaa alielekeze kwenye kopo lenye udongo na matundu chini. Alibane pale mche mdogo ulipochipuka kwenye shina hilo, bila kuufukia moyo wake, yaani pale majani yanapoanzia. Mizizi ikishika, ndipo alikate.

"Mche huo utakuwa kama mama yake," alisema. "Ukichukua kwa mgonjwa, umepanda ugonjwa."

Mkasi alifuata kila neno. Matunda yakawa mekundu, yakabaki hivyo. Sinia ikajaa. Siku mbili baadaye Pancha aliyageuza moja moja, kama anayetafuta tundu kwenye tyubu. Hakupata ukungu hata kwenye moja. Akaosha moja, akala. Akaosha jingine, akasahau kununa. Binti alikula kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani humo.

"Mama, basi," alisema mwishowe.

Mkasi nusura acheze kwa furaha.

Mmea uliozaa vizuri kuliko yote aliufunga uzi mwekundu asiusahau. Msimu ulipoisha, Pancha mwenyewe alipinda vipande vya waya wa breki vya kubania mashina kwenye makopo. Miche iliposhika mizizi, Mkasi alikata mashina kwa mkasi wake, kacha kacha, bila kupepesa jicho. Ndoo zikaongezeka. Meza ya Pancha ikapata nafasi mbele ya nyumba, na mito ya makochi ikafuliwa.

Asubuhi moja mvua ilitishia kunyesha. Mteja aliyeleta baiskeli yake akauliza kwa nini isiwekwe kule kibarazani. Pancha alisimama mlangoni, akaujaza mlango wote.

"Kule hapana, kaka," alisema. "Kule kuna stroberi za mke wangu. Baiskeli ikilowa, nitaifuta."