Bangili Iliyopitishwa Kwenye Rola

Gauni la kipaimara la Marselina lilishonwa refu kwa makusudi, limfike kwenye vifundo vya miguu, maana kitambaa siku hizo kilikuwa cha kupanga foleni na mama yake alitaka alivae hata mwaka unaofuata. Jumatatu alilijaribu likamkaa vizuri. Alhamisi liliishia juu ya magoti.

"Mtoto anakua huyo," alisema baba yake, Stefano, akacheka.

Yudith, mkewe, hakucheka. Alikishika kifundo cha mkono wa binti yao, akakizungushia vidole viwili, vikakutana na kupitana. "Baba Marselina," alinong'ona, "mtoto anakua, au anavutwa?"

Stefano alitoka kwenda kwenye kibanda chake cha kazi akijifanya hakusikia. Alikuwa sonara, mtu wa milimani aliyesomeshwa na misheni, akateremka Kilosa mjini kujifunza ufundi kwa Mhindi mmoja. Mhindi aliondoka mwaka ule majumba yalipotaifishwa, akamwachia mashine yake ya rola: vyuma viwili vya mviringo vilivyolaliana, na hendeli pembeni. Ukipitisha madini ya fedha katikati yake inatoka nyembamba zaidi na ndefu zaidi. Kinachopungua unene kinageuka urefu. Ndiyo siri yote ya kazi ile, na ndiyo wizi wake wote. Sonara mwenye tamaa huikunjua bangili ya mteja, huipitisha mara mbili tatu, hukata urefu uliozidi, kisha huikunja tena kwa duara lile lile. Mwenyewe anaivaa na kushukuru, hajui kwamba ameliwa.

Hivyo ndivyo Stefano alivyoifanya bangili ya Mwamvua, mama mmoja wa Tindiga.

Haikuwa pambo. Mama mzazi wa Mwamvua alinunuliwa bangili ile kwenye ngoma ya pepo, ikawa mali ya jini wake, na jini alijengewa kibanda chake uani. Watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa cha Chanzuru, kibanda kilivunjwa. Mwamvua, aliyemrithi mama yake, akaileta bangili mjini ikinukia udi. "Nitunzie, mwanangu. Ni amana. Nikijenga kibanda kingine nitaifuata."

Lakini askofu alikuwa anakuja, fedha haipatikani popote, na binti wa sonara ataendaje kanisani shingo tupu? Fedha ni fedha, Stefano alijiambia, majini ni mambo ya watu wa bondeni. Alichokikata alikifanya mkufu mwembamba wenye msalaba, akamvisha Marselina Jumatatu ile ile ya kujaribu gauni. Wahenga walimpa mwizi siku arobaini. Stefano hakupewa hata wiki.

Sasa jua la adhuhuri lilikuwa linachoma, kufuli lipo mlangoni kama alivyoliacha, na ndani ya kibanda hendeli ilikuwa inalia. Kriii. Kriii. Alifungua, na harufu ya udi ikampiga usoni, nzito, mbichi, kana kwamba mtu aliyefukizwa muda ule amepita mbele yake kwenda kuketi kwenye kigoda chake, na rola zilikuwa zinazunguka zenyewe bila waya wowote katikati, polepole, kwa mwendo ule ule wa fundi asiye na haraka, mpaka alipozigusa zikasimama, na zilikuwa na joto.

Alichukua bangili na baiskeli, akamfuata Mwamvua kijijini Chanzuru.

"Shikamoo, mama."

Mwamvua hakuitikia. Aliipima bangili kiganjani. "Hukuniibia mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Umemwibia mwenyewe. Ulichokata kwake, anakivuta kwa mtoto."

"Nifanyeje, mama?"

"Irudishe ilivyokuwa."

Walirudi pamoja. Stefano aliuvua mkufu shingoni mwa binti yake, akauweka kwenye chungu cha kuyeyushia pamoja na bangili, akavukuta moto. Mara sauti ikatoka chumbani: "Baba! Baba, naungua!" Aliutoa mkufu kwa koleo, na kilio kikakatika. Alijaribu tena. Mtoto alilia tena, vibaya zaidi.

Mwamvua alitazama chini. "Kumbe jini na mtoto wameshafungwa pamoja. Ukiuyeyusha, unamyeyusha na mtoto."

"Mwambie atoke! Wewe si mtunzaji wake?"

"Alikuwa ananisikia kibandani kwake, mwanangu. Kibanda hakipo." Alijifunga kanga yake, akaenda zake.

Stefano alihisi moyo wake umekufa, lakini baba ni baba. Aliikamata hendeli kwa mikono miwili, akaiegemea kwa kifua. Isipozunguka, alijiambia, mtoto hataongezeka. Alikaa hivyo mpaka kivuli cha kibanda kikafika barabarani. Mabega yalikufa ganzi. Uji alioletewa ulipoa pale pale.

Kisha alisikia Yudith akipiga ukelele kutoka chumbani. "Baba Marselina! Acha! Miguu yake imetoka nje ya kitanda!"

"Nimeishika! Haizunguki!"

Yudith alikuja mbio mpaka mlangoni, akasimama ghafla na kujiziba mdomo.

"Ni wewe," alisema.

Stefano aliinamisha macho. Mikono yake ilikuwa inazungusha hendeli, polepole, kama ilivyozoea miaka yote. Akaiambia iache. Haikuacha.